NYUMBA NA JAMAA: Saa ya Meli na Saa ya Jua

Askari aliyestaafu na mkewe wanapoarifiwa na mtoto wao afanyaye kazi ng'ambo kwamba amewalipia nafasi katika meli ya utalii ya Bahari ya Mediterania, furaha huwa kubwa na maswali huwa mengi. Nguo gani zichukuliwe? Chakula cha huko ni cha namna gani? Bahari itawalevya? Lakini swali lililo kubwa kuliko hayo yote mara nyingi halifikiriwi mpaka safari imekwisha anza, nalo ni hili: siku yenyewe itapangwaje? Meli ya aina hii si stima ya kuvukia tu kutoka pwani moja hadi nyingine. Ni mji mzima utembeao usiku na kupumzika mchana. Abiria elfu tatu, na pengine elfu tano, hulala wakiwa katikati ya maji, nao huamka wakiwa mbele ya mji wa nchi nyingine. Mlango hufunguliwa kwa muda wa saa nane, kumi, au kumi na mbili. Kisha hufungwa, na meli huondoka.

Huondoka kweli. Mtu aliyezoea basi la kituoni, ambalo hungoja mpaka lijae na kisha humngojea pia yule aliyeshuka kununua ndizi, huona vigumu kuamini kwamba chombo kikubwa namna ile kinaweza kuwaacha watu wawili waliokwisha lipa. Lakini nafasi ya gatini hulipiwa, rubani wa bandari amekwisha itwa, na bandari ya kesho inangoja kwa saa yake. Watu wanaokimbia gatini na mifuko ya zawadi mikononi, huku abiria wenzao wakiwashangilia kutoka sitaha za juu, ni kichekesho kinachojulikana sana katika safari hizi. Si kichekesho kwa wakimbiaji wenyewe, hasa ikiwa kamba zimekwisha funguliwa.

Mzunguko mmoja uliozoeleka sana huchukua usiku 7. Meli hutoka Barcelona, nchini Hispania. Siku ya pili huwa Palma katika kisiwa cha Mallorca. Ya tatu Marseille, Ufaransa. Ya nne La Spezia, ya tano Civitavecchia na ya sita Napoli, zote tatu katika Italia. Siku ya saba hupita baharini tupu, na asubuhi ya nane meli hurudi Barcelona. Mtazamaji wa karatasi hiyo na ahesabu vizuri. Zimo bandari 5 kwa siku 5 mfululizo, bila mapumziko katikati. Familia itakayotaka kuona kila kitu katika kila mji itafika Napoli ikiwa imechoka kuliko ilivyokuwa siku ya kupanda ndege Entebbe, na ugomvi wa mume na mke ambao haukutokea nyumbani kwa miaka kumi utatokea huko, juu ya jambo dogo la kiatu au chupa ya maji.

Kabla ya kupanga mengine, saa yenyewe yapaswa kunyoshwa. Kiswahili huhesabu saa tangu kupambazuka na tangu kuchwa. Karatasi ya meli huandika 17.30. Askari na polisi hawana shida na tarakimu hizo, kwa kuwa wamezitumia katika vitabu vya zamu. Mara moja wataona kwamba ni saa kumi na moja na nusu jioni. Taabu huja kwa mlango mwingine. Mtoto aliyekulia ng'ambo huandika katika simu, "Mama, mrudi kabla ya saa tano na nusu," akiwa amefasiri saa za Kizungu neno kwa neno. Mama husoma. Kwake yeye saa tano na nusu ya mchana imekwisha pita, basi huchukua ile ya usiku, akatulia kabisa na kuagiza kikombe cha pili cha kahawa. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna mjinga. Lakini meli imekwenda. Kwa hiyo katika ratiba ya familia kila saa na iandikwe mara mbili, kwa tarakimu za meli na kwa maneno ya Kiswahili kando yake, nayo iandikwe katika kadi ndogo ya kutiwa mfukoni. Maneno ya simu yasitegemewe.

Saa ya mkononi nayo irekebishwe siku ya kwanza. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, Hispania, Ufaransa na Italia ziko nyuma ya Kampala kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili. Nchi hizo tatu hutumia saa moja, basi katika mzunguko huu hakuna kubadili tena. Ikiwa safari inafika Ugiriki, saa za nchi kavu husogea mbele. Hapo nahodha hutangaza kama meli itafuata saa za nchi au itabaki na zake, na ile ya nahodha ndiyo ya kufuatwa hata kama saa za mjini zinasema mengine.

Jua si shahidi wa kuaminiwa huko. Jambo hili huwapotosha zaidi wazee wa nchi za Ikweta, ambao maisha yao yote wameona jua likichomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, Januari kama Juni. Barcelona, mwishoni mwa Juni, jua hutua karibu na saa 21.25, yaani saa tatu na dakika ishirini na tano usiku. Roma, wakati huo huo, saa 18.30, jua bado liko mbinguni kama lilivyo nyumbani saa kumi alasiri. Mzee hulitazama, mwili wake humwambia kwamba mchana ungali mrefu, naye huketi tena kwenye benchi. Mwezi Desemba mambo hugeuka: jua la Roma hutua kabla ya saa kumi na moja, na yule aliyekuwa na nafasi kubwa huhisi giza na kukimbilia melini bure. Pande zote mbili dawa ni moja, kutazama mkono na si mbingu.

Baada ya hayo, siku ya bandarini hupangwa kinyumenyume. Mpangaji asianze kwa kuuliza "tutakwenda wapi?" bali kwa kuuliza "saa ya mwisho ya kuwa ndani ni ipi?" Saa hiyo si saa ya kuondoka meli, kwa kawaida huwa nusu saa au zaidi kabla yake, nayo huandikwa katika karatasi ya ratiba na kubandikwa penye ngazi ya kushukia.

Chukua siku ya Civitavecchia, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu watu husema "leo tuko Roma" ilhali hawako Roma. Mji wenyewe uko mbali kiasi cha kilomita 70 au zaidi. Na iwe saa ya mwisho ni 18.30, saa kumi na mbili na nusu jioni. Askari mwenye busara huweka akiba, na akiba ya siku hii isipungue saa mbili. Basi familia iwe imekwisha fika katika stesheni ya Civitavecchia saa 16.30, yaani saa kumi na nusu, kwani toka hapo pana basi la kwenda bandarini na foleni ya kukaguliwa. Gari la moshi la kawaida huchukua saa nzima hivi. Kwa hiyo wapande Roma saa 15.30, saa tisa na nusu alasiri. Wakiwa wanapandia stesheni ya San Pietro, iliyo karibu na Vatikani na ambayo magari ya moshi ya njia hiyo husimama, mwendo wa miguu toka uwanja wa kanisa ni robo saa kwa kijana na zaidi kwa mwenye magoti mabovu. Wauache uwanja saa 14.45, saa tisa kasorobo. Asubuhi nayo ina foleni ya kushuka, basi la bandarini, tiketi, na safari ya saa moja. Aliyeshuka saa mbili atafika San Pietro karibu na saa nne. Zilizobaki kwa Roma ni saa nne na dakika arobaini na tano.

Katika saa hizo kanisa la Mtakatifu Petro linatosha. Kuingia ni bure, lakini kila mtu hupita penye ukaguzi, na foleni ya jua kali inaweza kumeza saa nzima au zaidi. Mabega na magoti sharti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Leso moja katika mkoba wa mama huokoa siku ya jamaa wote, na waliokuja na kaptura watatamani wangekuwa nayo. Kwa Mganda ziara hii ina maana yake pekee, kwa kuwa ni humo Papa Paulo wa Sita alimowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964. Mzee aliyetembea kwa miguu hadi Namugongo mwezi wa Juni hatakubali kuharakishwa mahali hapo, wala hapaswi. Yule atakaye Makumbusho ya Vatikani na akumbuke kwamba Jumapili hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Ama ule uwanja wa kale wa Colosseum, huko ni upande mwingine wa mji, nao una tiketi za saa maalumu. Kuviunganisha vyote katika siku moja ni kuamua kutoona hata kimoja.

Ziko ziara zinazouzwa na meli yenyewe, kwa basi na kiongozi, nazo ni ghali kuliko gari la moshi, mara nyingine ghali sana. Lakini zina fadhila moja kubwa: basi la meli likichelewa, meli hungoja, au wenye meli hulipia namna ya kuwafikisha abiria wake. Mtu aliyekwenda kwa hesabu yake haangaliwi hivyo. Kwa jamaa wanaosafiri mara ya kwanza, wasiojua Kiitaliano na wenye wazee, yafaa fedha za ziara zitumiwe siku hii moja ya Roma tu na zisitumiwe penginepo. Huko Palma kanisa kuu liko karibu na ufuko, na basi toka gatini hufika upesi. Napoli meli hufunga mbele ya mji kabisa, karibu na ngome ya kale ya Castel Nuovo. Kumlipa mtu awaongoze kutoka mlangoni hadi barabarani ni kupoteza fedha. Magari ya moshi ya Italia yana migomo pia, ambayo kwa kawaida hutangazwa mapema; mtoto aliye ng'ambo na aombwe kuitazama kabla wazazi hawajaondoka.

Ubaya wa kuachwa haulingani katika kila bandari, na mpangaji mzuri huupima. Aliyeachwa Civitavecchia atasikitika, atalala mahali, na asubuhi atapanda gari la moshi mpaka Napoli, ambako meli imelala. Ni safari ya saa chache, na magari ya haraka toka Roma huchukua saa moja na dakika chache tu. Aliyeachwa Napoli hali yake ni nyingine kabisa. Meli inakwenda baharini siku nzima na kituo chake ni Barcelona. Hana njia ila kununua tiketi ya ndege, kwa bei ya dakika ya mwisho, akiwa na kaptura na kofia. Kwa hiyo siku ya Napoli akiba ya saa mbili isipunguzwe hata kwa ajili ya Pompeii. Kadi ya mfukoni na iwe na jina la meli, namba ya gati, na namba ya simu ya wakala wa bandari, ambayo huandikwa katika karatasi ya kila siku. Nakala ya pasipoti na ya viza iwe mwilini, si chumbani. Na kama mzunguko unapita nje ya nchi za Schengen, tuseme Tunisia, kisha unarudi, viza sharti iwe ya kuingia mara nyingi. Hili hutazamwa nyumbani, mbele ya dirisha la ubalozi, maana gatini halina dawa.

Pompeii inastahili kuonwa na kila mtu awezaye kutembea. Mji huo ulifunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, na barabara zake za mawe, majiko ya mikate na mabarza ya nyumba vimebaki hata leo. Gari la moshi la mitaani toka stesheni ya Garibaldi hufika huko kwa muda wa dakika 35 au 40. Kivuli ni kidogo mno, na mawe ni ya kuteleza. Mwezi wa Agosti ni mahali pa kwenda asubuhi na kutoka kabla ya adhuhuri kupamba moto. Mama wa nyumbani ataona jambo ambalo viongozi wa watalii hulipita haraka: maduka ya chakula yenye mitungi iliyojengewa ndani ya meza, ambako watu wa mji walinunua chakula kilichopikwa. Mikoba na ikazwe kifuani ndani ya gari hilo la moshi, kwa maana wezi wa mifukoni wanalipenda sawasawa na watalii.

Sasa yabaki yale mapumziko yasiyoandikwa. Katika zile siku 5 za mfululizo, moja na iachwe kwa makusudi. La Spezia yafaa. Wengi hukurupuka alfajiri kwenda Florence, zaidi ya saa mbili kwa gari la moshi kila upande, wakarudi na picha za foleni. Jamaa wengine waweza kuchukua gari la moshi la dakika chache mpaka Riomaggiore, kijiji cha kwanza katika vijiji vitano vya Cinque Terre vilivyoning'inia juu ya bahari, wakala samaki, wakarudi kabla ya chakula cha mchana. Wengine wasishuke kabisa. Meli iliyolala gatini mchana ni tupu. Bwawa la kuogelea lililokuwa limejaa watoto mia huwa la watoto kumi, viti vya kivulini havigombaniwi, na babu hulala usingizi wa adhuhuri bila kelele. Yupo mume atakayeona haya kulipiwa fedha nyingi namna ile kisha alale. Na aulize mkewe, aliyeamka kabla yake kila siku kwa miaka thelathini ili sare iwe imepigwa pasi, kama yeye naye anaona haya.

Hapa pana jambo la kusemwa waziwazi juu ya waume waliokulia kambini. Mtu aliyezoea baragumu la alfajiri hupenda kuipanga familia kama kikosi: saa moja kamili chai, saa moja na nusu kukaguliwa viatu, saa mbili mstari mlangoni. Utaratibu huo una faida yake, na ndiye huyo ambaye hataachwa gatini. Lakini wajukuu hawakuapishwa, na mama hakuandikishwa jeshini. Katika siku moja mambo mawili tu na yawe ya amri, yaani saa ya kushuka na saa ya kurudi. Yaliyo katikati yazungumzwe. Njia nzuri ni mkutano mfupi wa jioni. Karatasi ya ratiba ya kesho huletwa chumbani, na meli ambazo siku hizi huiweka katika simu hutoa ya karatasi mapokezini kwa atakayeomba. Kila mmoja, na mtoto mdogo pia, achague jambo lake moja la kesho, liandikwe, na liheshimiwe. Mtoto aliyeahidiwa aiskrimu ya saa tisa atatembea kwa hiari hadi saa tisa.

Chakula cha usiku ni kiini cha ratiba kuliko watu wanavyodhani. Meli nyingi zina zamu mbili katika ukumbi mkubwa: ya kwanza karibu na saa kumi na mbili jioni, ya pili karibu na saa mbili na nusu usiku. Zamu huchaguliwa kabla ya safari, na kuibadilisha baadaye si rahisi. Wenye watoto wadogo huchukua ya kwanza. Lakini siku ya Roma, aliyerudi saa kumi na moja na nusu na vumbi miguuni hana nafasi ya kuoga na kuvaa. Jioni hiyo ale katika ukumbi wa kujipakulia, ambao hauna saa maalumu wala haumtaki mtu avae koti. Kwa Waislamu pana hesabu nyingine. Juni, Magharibi katika pwani hizo hufika karibu na saa tatu usiku au baada yake, yaani katikati ya zamu ya pili. Anayetaka kuswali kwa utulivu ataipenda zamu ya kwanza, na maombi ya nyama halali yapelekwe kwa kampuni wiki nyingi kabla, si kwa mhudumu mezani.

Siku ya kwanza ina sheria yake. Mizigo mikubwa hupokewa gatini na huletwa chumbani baadaye, pengine magharibi. Hivyo dawa za shinikizo la damu, maziwa ya mtoto, na nguo ya kubadilisha viwe katika mfuko wa mkononi. Ndege nayo isifike asubuhi ile ile ya kuondoka meli. Na afike siku moja kabla, alale Barcelona, kwa sababu ndege iliyochelewa kuunganisha haitangojewa na nahodha.

Kisha yako mazoezi ya usalama, ambayo abiria wengi huyaona kuwa kero na kutaka kuyakwepa. Askari na asiwe miongoni mwao. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia, iliyokuwa imetoka Civitavecchia saa chache tu kabla, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, ikapinduka ubavu, na watu 32 wakafa. Abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajafanyishwa zoezi lolote, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinadai zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Ishara ni honi fupi 7 au zaidi zikifuatwa na moja ndefu. Meli nyingi sasa humwonyesha abiria maelezo katika runinga au simu, kisha humtaka afike mwenyewe mahali pake pa kukusanyikia, aandikwe. Jamaa na waende pamoja, watembee njia hiyo kwa ngazi bila lifti, watoto wahesabu milango. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, nayo iwe ya kwanza katika ratiba, kabla ya bwawa na kabla ya chakula.

Siku ya saba, ya bahari tupu, haitaki ratiba nyingi. Kila mtu yumo ndani, hivyo ukumbi wa chakula hujaa pomoni saa tatu asubuhi. Atakayeamka saa moja ataikuta meza yake dirishani. Anayelevywa na bahari akae sitaha za chini katikati ya meli, ambako mwendo ni mdogo, atazame upeo wa bahari, na dawa aimeze kabla hajaanza kuumwa. Simu izimwe mawasiliano ya baharini, ambayo gharama yake hushtua wengi wanapofika nyumbani. Mchana huo ndio wa kufunga mizigo bila haraka, na wa kutazama hesabu ya matumizi mapokezini wakati foleni bado ni fupi, kwa maana bakshishi za wahudumu mara nyingi hukatwa humo kwa kila mtu kwa kila siku, na mara nyingi hata watoto huhesabiwa.

Usiku ule masanduku huwekwa nje ya mlango yakiwa na vibandiko vya rangi au namba, nayo huchukuliwa watu wakiwa wamelala. Mama na atazame mara mbili kabla ya kufunga zipu ya mwisho. Wako waliopeleka kila kitu, wakaamka asubuhi wakiwa na nguo za kulalia tu, na wakashuka Barcelona hivyo hivyo mbele ya maofisa wa forodha. Nguo za asubuhi, viatu vyote viwili, dawa, pasipoti, na tiketi vibaki chumbani. Abiria hushushwa kwa mafungu kulingana na rangi ya kibandiko, tangu saa moja mpaka karibu saa nne asubuhi, na masanduku hutafutwa katika banda kubwa kabla ya kupata teksi. Tiketi ya ndege ya kurudi isiwe ya kabla ya saa saba mchana.